Ruta Inawaka, Intaneti Haiji: Njia Imekatika Wapi?

Siku hizi katika nyumba nyingi za kwetu, hata za vijijini, kipo kisanduku kidogo chenye taa, kimewekwa juu ya kabati au karibu na dirisha. Watu hukiita ruta. Kazi yake ni kupokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani ya nyumba kwa waifai, ili simu ya baba, simu ya mama na kompyuta ya mtoto anayesoma zipate kuitumia pamoja. Siku kinapofanya kazi, hapana anayekikumbuka. Siku kinapogoma, nyumba nzima yageuka kuwa mafundi. Huyu achomoa waya, huyu akipiga kibao, na yule ashika pini akitafuta tundu la kuchokoa.

Nataka kuwasimulia jambo lililotokea hapa kwetu Uyole. Jioni moja alikuja ofisini kwangu mama mmoja mjane, mwenye duka dogo la steshenari si mbali na njia panda. Kazi yake ni kutoa nakala, kuchapa barua, na kuwasaidia vijana kujaza maombi yao kwenye intaneti. Aliingia amechoka, na mtandio umeteleza mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karani, leo mimi nimekwisha. Ruta yangu imekufa siku ya tatu sasa. Vijana 7 wamekaa dukani, wanataka kupeleka maombi ya mkopo wa chuo, na dirisha la Bodi ya Mikopo limebakiza siku 2. Fundi amekuja, amesema ninunue mpya, shilingi 85,000. Nimekwisha kukopa 40,000 kwenye kikundi."

Nilimwomba asiinunue kwanza. Tukaondoka pamoja kwenda dukani. Tulichokikuta huko nitawaambia, lakini kwanza yafaa mwelewe jinsi intaneti inavyosafiri, maana asiyeijua njia hawezi kujua imekatika mahali gani.

Sisi wa Uyole tunazijua njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma yapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka ile ya Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Mgeni wako atokaye Dar akichelewa kufika Kyela, husemi mara moja kwamba gari limekufa. Wauliza: Je, aliondoka? Alipita Iringa? Makambako alionekana? Hapa Uyole alipata gari la kushuka Tukuyu? Waijaribu njia kipande kwa kipande, na mahali habari zake zinapokoma ndipo penye shida.

Intaneti nayo ina vipande vyake. Kipande cha kwanza ni kutoka simu yako mpaka ruta. Hiki ndicho waifai. Cha pili ni kutoka ruta mpaka kwa kampuni, ama kwa mawimbi ya mnara, ikiwa ruta yako ina laini ndani yake, ama kwa waya wa faiba uliovutwa mpaka nyumbani. Cha tatu ni kutoka kwa kampuni mpaka Dar es Salaam kwa nyaya kubwa kama zile za Mkongo wa Taifa, na kutoka Dar kuingia baharini kwenda dunia yote.

Basi jambo la kwanza kulishika ni hili: waifai si intaneti. Watu wengi huona alama ya waifai imejaa juu ya kioo cha simu, wakashangaa: "Mbona imejaa, na haifungui?" Alama ile yakuambia tu kwamba simu yako na ruta yako zasikilizana vizuri. Ni sawa na kusema umefika salama stendi ya Uyole. Kama gari la kwenda mbele lipo au halipo, hilo ni jambo jingine.

Hiki kipande cha tatu, cha mbali, wewe na mimi hatuna la kukifanya, lakini yafaa tujue kwamba kipo. Nyaya za baharini ziliufikia pwani yetu si zamani sana: ule uitwao SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. EASSy hutoka Afrika Kusini, hupita pwani yote ya mashariki mpaka Sudani, urefu wake karibu kilomita 10,000. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari zote zapita humo kwa mwanga.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili ziliharibika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku ile Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani zilipata shida kubwa. Hapa kwetu ruta ziliwaka kama kawaida, waifai ilijaa, lakini kurasa hazikufunguka, au zilifunguka kwa kusuasua. Mtu mmoja ninayemfahamu alinunua laini 2 mpya na adapta mpya, yote kwa sababu ya waya uliokatika chini ya bahari, mbali kuliko alivyopata kusafiri maishani mwake! Na tena, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku za namna hiyo hata ruta iliyotoka dukani leo haifai kitu.

Utajuaje kwamba shida ni ya mbali? Mwulize jirani. Kama jirani anayetumia kampuni ileile naye hana, acha ruta yako, ngoja. Kama hana yule wa kampuni ileile, lakini wa kampuni nyingine anayo, shida ni ya kampuni yako au mnara wake. Kama wote wanayo isipokuwa wewe, rudi nyumbani ukatafute.

TAA ZASEMA NINI?

Ukirudi nyumbani, usiguse kitu kwanza. Tazama taa. Rangi zake si sawa kwa kila mtengenezaji, lakini katika ruta nyingi kijani au buluu ni heri, na nyekundu ni shida.

Taa ya umeme isipowaka kabisa, anza na mambo madogo. Je, LUKU imekwisha? Je, swichi ya ukutani imewashwa? Msicheke, nimewahi kuitwa nyumba fulani kutazama ruta iliyokufa, nikakuta mtoto amechomoa plagi ili kuchaji simu. Jaribu soketi nyingine. Ikiwa bado, huenda ni adapta, yaani kile kichwa cheusi kinachochomekwa ukutani. Adapta hufa mara nyingi kuliko ruta yenyewe, hasa kwetu ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Bei yake ni ndogo kuliko ya ruta. Lakini angalia sana unaponunua nyingine! Juu ya adapta pameandikwa namba, kwa mfano 12V 1A. Ile ya volti lazima iwe sawasawa na ya kwanza. Ile ya ampea yaweza kuwa sawa au kuzidi, isipungue. Kichwa kikiingia vizuri, hilo peke yake si ushahidi. Adapta ya volti 12 ikiingizwa kwenye ruta ya volti 5 huiua pale pale.

Na kwa kuwa tumetaja umeme: kwetu nyanda za juu, mvua zikianza mwezi wa Novemba, radi ni nyingi. Wingu likianza kunguruma, chomoa ruta ukutani. Kuizima kwa kitufe tu hakutoshi, kwa maana waya bado umeshikana na umeme wa nje.

Ikiwa taa ya umeme yawaka na ya waifai yawaka, tazama ile ya mawimbi au ya 4G. Hii ni kwa ruta zenye laini. Ikiwa mawimbi ni hafifu, ihamishe ruta. Nyumba zetu za tofali za kuchoma zina kuta nene, na bati nalo huzuia mawimbi. Iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea upande wa mnara. Wako watu huificha ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi, kisha hulalamika kwamba intaneti ya siku hizi ni mbaya. Ndani ya chuma mawimbi yatapita wapi?

Kwa ruta za faiba, tafuta taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga kutoka kwa kampuni haufiki. Hapo shida ni waya: labda umechomoka, umekunjwa sana, umetafunwa na panya, au umekatwa huko nje. Waya wa faiba ni kioo. Haupendi kukunjwa kama kamba ya mbuzi. Chungulia tu kama umechomoka nyuma ya ruta, lakini usitazame ndani ya ncha yake, kwa maana mwanga wake hauonekani na waweza kudhuru jicho. Penye kazi za kuchimba, mkatiko ni jambo la kutazamiwa. Hapa kwetu twaijua kazi ya upanuzi wa barabara kuu kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Palipo na mitambo mikubwa na udongo unaofukuliwa, waya wowote uliozikwa ardhini u mashakani. Taa hiyo ikiwa nyekundu, piga simu kwa kampuni. Hapana dawa ya nyumbani.

KUZIMA NA KUWASHA

Huenda umesikia kwamba dawa ya kwanza ni kuizima na kuiwasha. Ni kweli, wala si ushirikina. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikikaa siku nyingi bila kuzimwa, kumbukumbu yake huchanganyikiwa. Ukiizima na kuiwasha huanza upya, huutafuta mnara upya na kuomba namba mpya ya kuingilia. Lakini wengi hukosea namna. Huichomoa na kuichomeka mara moja, kisha hutazama kwa sekunde 10 na kusema imeshindikana. Ichomoe, hesabu polepole mpaka 60, kisha ichomeke, na uiache dakika 5 bila kuigusa. Nenda ukachote maji. Ukirudi ndipo utazame.

Sasa turudi dukani kwa yule mama.

Niliikuta ruta yake inawaka. Taa ya umeme nzuri. Taa ya waifai nzuri. Mawimbi vijiti 3. Taa ya intaneti tu ilikuwa nyekundu. Tuliizima, tukangoja, tukaiwasha, bado. Nikamwomba simu yake. Laini ya simu ile na laini iliyomo ndani ya ruta zilikuwa za kampuni moja. Nikazima waifai katika simu, nikafungua ukurasa kwa laini yenyewe. Ukafunguka mara moja, upesi kabisa!

Basi hapo tulikuwa tumekwisha kujua mengi. Mnara mzima. Kampuni nzima. Bahari nzima. Ruta nayo yausikia mnara. Maana yake mlango umefungwa kwa laini ile moja tu.

Nikaigeuza ruta chini juu. Chini yake kuna karatasi iliyobandikwa kiwandani, yenye jina la waifai, neno la siri, na anwani ya ukurasa wake wa ndani, ambayo kwa nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana na hiyo. Ukiandika namba hizo pale unapoandika anwani za mtandao, hali umeunganishwa na waifai ya ruta, wafunguliwa ukurasa wa ruta yenyewe, hata kama intaneti haipo. Ruta nyingi za laini huwa na mahali pa kusomea ujumbe mfupi. Tukafungua. Lo! Ulikuwamo ujumbe wa siku 3 nyuma: kifurushi kimekwisha.

"Lakini nimelipa!" mama akasema, na kweli alikuwa na hasira. "Nililipa siku ileile. Tazama, huu hapa ujumbe wa malipo."

Nikautazama. Alikuwa amelipa kweli, kifurushi cha mwezi mzima. Lakini alikilipia kwa namba ya simu yake, si kwa namba ya laini iliyomo ndani ya ruta. Ndiyo sababu simu ile ilikwenda kama farasi, na ruta ikakaa na njaa. Siku 3 zote mama yule alitembea na intaneti yake mfukoni, huku vijana wakingoja.

Hapana wa kumlaumu sana. Ruta haina kioo wala haina mlio. Ujumbe wa kampuni huingia ndani yake ukalala humo, na hapana anayeusoma. Wengine hata hawaijui namba ya laini ya ruta yao, kwa kuwa muuzaji ndiye aliyeitia. Na hapo pana hatari nyingine: huenda laini ile ilisajiliwa kwa jina la muuzaji au la ndugu aliyefariki. Tangu tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na laini isiyo yako ikifungwa huna pa kushika. Piga *106# katika simu yako uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ya ruta haimo, shughulikia jambo hilo mapema, kabla hujawa na vijana 7 mlangoni.

Vijana wale hatukuwaambia waende nyumbani. Kifurushi kilikuwa katika simu, basi tuliifanya simu iwe ruta: tukaifungulia hotspoti, tukaiweka juu ya meza kwenye chaja, na kompyuta ya duka ikaunganishwa nayo. Kijana wa kwanza alimaliza maombi yake kabla ya saa 2 usiku. Wa saba, binti wa kutoka upande wa Igurusi aliyekuwa amekosa gari la kurudi, alimaliza saa 4, akalala kwa mama yuleyule.

LILE TUNDU LA PINI

Kwa nini fundi alisema imekufa? Sipendi kumsema mtu asiyekuwapo. Labda hakutazama, labda alikuwa na ruta ya kuuza. Lakini nashukuru kwa jambo moja: hakulichokoa lile tundu.

Nyuma ya ruta, au chini, pana kitundu kidogo kilichoandikwa RESET. Watu hudhani ni dawa ya magonjwa yote. Siyo. Ukiingiza pini na kushikilia sekunde 10 hivi, ruta yasahau kila kitu ilichofundishwa: jina la waifai, neno la siri ulilochagua, na mara nyingine yale maneno ambayo kampuni iliyaandika ili ikubaliwe kuingia. Yarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa huna maneno hayo katika karatasi, umeifunga nyumba na kutupa ufunguo.

Nayajua haya kwa kuyatenda. Mwaka wangu wa kwanza katika ofisi ya parokia, ruta yetu iligoma asubuhi moja. Nami, mtu niliyesoma chuo cha ualimu, nikajiona naweza. Nikachukua pini ya kubania karatasi, nikabonyeza. Taa zote zikazima, zikarudi, nami nikafurahi. Kumbe nimefuta kila kitu. Tulikaa siku 4 bila intaneti mpaka alipopatikana mtu mwenye yale maneno. Na shida ya kwanza ilikuwa nini? Umeme ulikuwa umekatika kwenye mnara tangu usiku, na saa 5 asubuhi ileile majirani wote walirudishiwa intaneti yao. Ningekunywa chai tu, nisingeharibu kitu. Paroko hakunigombeza. Aliweka pini zote ndani ya mtoto wa meza yake, akafunga.

Mara nyingine kosa limo katika kifaa chako wala si katika ruta. Ikiwa simu ya mama yafungua na ya mwanao haifungui, iache ruta. Katika ile isiyofungua, futa jina la waifai, kisha uliandike neno la siri upya. Tazama pia saa na tarehe. Kompyuta ya zamani iliyoishiwa betri ya ndani hurudi nyuma miaka mingi kila ikizimwa, na kurasa nyingi hukataa kufunguka kwa kompyuta inayodhani kwamba leo ni mwaka 2010, maana hazioni hati zake kuwa halali. Rekebisha tarehe, na mara nyingi kazi imekwisha. Kama intaneti ipo lakini yaenda polepole, hesabu kwanza ni simu ngapi za majirani zimepewa neno lako la siri.

Ukishindwa kabisa, pigia simu kampuni, lakini usipige mikono mitupu. Andika kwanza: namba ya laini ya ruta, ni taa zipi zinawaka na kwa rangi gani, tangu saa ngapi, na kama majirani wanayo. Mhudumu akiambiwa "haifanyi kazi" tu, atakurudisha kwenye kuzima na kuwasha. Akiambiwa "mawimbi vijiti 3, taa ya intaneti nyekundu tangu jana saa 1 jioni, simu yangu ya laini yenu yafungua," ataacha yale ya mwanzo na kuitazama laini yenyewe.

Mama yule alirudisha zile shilingi 40,000 kwenye kikundi siku ya pili, kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Nilipopita dukani kwake juzi kutoa nakala, niliona amebandika kipande cha karatasi juu ya ruta kwa gundi ya maji. Ameandika kwa kalamu nene nyekundu: namba ya laini, tarehe ya kifurushi kuisha, na chini yake, "Lipia HII, si ya simu."